Kiti Kilichokwama Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimehukumiwa. Si na daktari. Daktari ni mtu mpole. Nimehukumiwa na binti yangu wa kumzaa, akiwa na pini mdomoni.

Iko hivi. Tangu nifanyiwe upasuaji wa saratani ya utumbo na kuanza kutundikiwa dawa, nalala chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji, hapa chini, kati ya majora ya vitambaa na sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa. Sanamu nimeliita Mheshimiwa. Chumba changu halisi kiko juu, ghorofa ya nne ya jengo hili hili. Lifti hakuna, ngazi tu. Huko juu kuna vitabu vyangu na dirisha langu. Dirishani kuna vilima. Nikivaa miwani ni vilima vya watu. Nikiivua ni vilima vya kwetu, nilikotoka kijana na sijarudi. Kwa hiyo huwa naivua.

Leo binti amesema mwenye nyumba amepata mtu anayekitaka chumba. Kimekaa kitupu mno. Masharti yake: mwisho wa mwezi nikipanda mwenyewe, bila kubebwa na bila kukaa njiani, chumba ni changu. Nikishindwa, ufunguo unarudi kwa mwenye nyumba. Akanionyesha huo ufunguo, una uzi mwekundu. Kila ufunguo wake huufunga uzi mwekundu usipotee kati ya mikasi. Nikauliza mtu huyo ni nani. Akajifanya anatafuta pini. Pini zilikuwa mdomoni!

Akaongeza kwamba dawa ya ngazi ni mazoezi ya kliniki, ambayo nimeyakwepa tangu mwezi uliopita kwa visingizio ambavyo, akasema, vingetosha kushona pazia. Daktari naye alishasema: uchovu wa dawa hizi hauishi kwa kulala. Mimi nilikuwa msahihishaji wa prufu kwenye kiwanda cha chapa. Kosa nikiliona nalijua. Mtu amechoka, unampa kazi? Hapo kuna neno lililorukwa, na neno lenyewe ni “pumzika”.

Mpango: kufika juu bila mazoezi. Namna itapatikana.


Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda, ili kuwapumbaza.

Mwalimu wa mazoezi ni binti mdogo, wa umri wa wajukuu. Anatuamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote, kisha anatuamrisha kama makuruta. Nimempa cheo cha Kamanda. Tunavuta kamba za mpira, tunainuka na kukaa vitini, kisha tunazunguka bustani ya kliniki. Wote ni watu wa saratani ya hapa na pale. Yupo Mkunga mstaafu, ya titi. Mkono wake ulikuwa haupandi kufika begani. Sasa unapanda vizuri sana na anautumia kunioneshea kidole. Yupo Stesheni Masta, ya tezi dume, aliyesimamia treni maisha yake yote na bado ana filimbi shingoni. Huyu hufika kabla ya saa, kila mahali. Ananiita Profesa. Simpendi.

Leo amenieleza, huku akiinua magoti kama farasi wa gwaride, kwamba kuna chumba anakinyemelea. Ghorofa ya nne, juu ya duka la mshonaji mmoja. Dirishani unaona stesheni yote, hata mabehewa yanavyopangwa. Akasema kasoro yake moja tu, kinanuka vitabu.

Ndiye huyo! Nyoka mwenye filimbi!

Lakini nimepata tundu la kupenyea. Kamanda ana kanuni: mwendo mzuri ni ule unaomwezesha mtu kuongea lakini si kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kuongea, apunguze. Nikafikiri haraka. Nikajitolea kuwasomea kitabu wakati wa mazoezi, ili wasichoke akili. Msomaji, kama inavyojulikana dunia nzima, hukaa. Kamanda alifurahi mpaka akanishika mikono. Alisema Babu una moyo.

Ninao. Na nitakaa nao kivulini.


Ijumaa, 7 Machi

Nimesalitiwa. Kiti hakikuwepo.

Kamanda amesema wasikilizaji wanazunguka, sauti yangu haitazunguka peke yake, basi babu atembee nao. Nilitembea nao. Nikasoma. Kitabu ni kile cha juzuu mbili nilichotoka nacho kwetu ndani ya mto wa kulalia: binti wa mfua kufuli anawindwa na gavana kwa sababu anajua siri ya mlango mmoja wa ngome. Juzuu ya kwanza ninayo hapa chini. Ya pili iko juu, na vilima.

Sikujua jambo moja kuhusu watu: hadithi ikichemka, miguu yao nayo inachemka. Askari wa gavana walipovunja mlango, kundi zima likaanza kwenda mbio mbio. Ningefanya nini? Nikawakimbilia na kitabu, nikisoma kwa kuhema. Binti akaruka dirishani, nami nikaruka bomba la maji. Stesheni Masta akapiga filimbi. Mkunga akasema nisimeze maneno, alitaka kujua kama binti ameumia goti.

Kamanda akanisifu. Akasema sasa hivi naongea vizuri lakini kuimba sidhani. Ni kweli. Hata kulia nisingeweza.

Nimekula sahani mbili. Binti yangu katia chumvi kwa kipimo leo.


Jumatatu, 10 Machi

Mpango safi kabisa. Kama hadithi ikichemka wanakimbia, basi ikipoa watatembea pole pole. Nimeruka ukurasa wa vita, nikaenda moja kwa moja kwenye mvua. Mwandishi yule alipenda mvua. Inanyesha juu ya mapaa, inanyesha ziwani, inanyesha juu ya punda. Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Tulitembea kama watu wanaotoka mazishi ya mtu wasiyemjua.

Mzunguko wa pili Mkunga alisimama katikati ya njia, mikono yote miwili kiunoni. Alisema amezalisha wanawake wa mji mzima, hakuna uchungu uliochukua muda kama mvua hii. “Babu, hebu anika huyo punda twende!” Wengine wakaangua kicheko. Stesheni Masta akasema kwa adabu ya kuudhi kwamba Profesa huenda amechoka, ampe yeye kitabu.

Nimpe yeye! Nikarudi vitani palepale. Tulikwenda kasi isiyofaa kwa umri wetu, na niliwatangulia wote, kwa hasira.

Usingizi wa mchana umenikataa. Nimelala usiku mzima badala yake. Ni hali ya hewa.


Alhamisi, 13 Machi

Nimeona njia ya kufika juu. Masharti yasema bila kubebwa. Lakini je, kikibebwa kiti, na mtu akawa ndani yake kwa bahati?

Kiti changu cha kusomea kilikuwa kwa fundi wa makochi kikivishwa kitambaa kipya. Leo wachukuzi wawili walikuwa waje kukipandisha juu. Nilikwenda karakana mapema, nikamweleza fundi kuwa nataka kukijaribu. Nikakaa. Nikamwomba anifunike lile turubai la kuzuia vumbi, kichwa na vyote, nionje giza lake. Fundi ni mtu asiyeuliza. Akafunika, akafunga kamba.

Barabarani nilitulia. Ghorofa ya kwanza nilitulia. Nilikuwa napandishwa chumbani kwangu kama sultani! Wachukuzi walianza kulalamika kwamba viti vya siku hizi vinatengenezwa kwa mbao gani, chuma? Mmoja akasema hiki kina maiti. Mwenzake akamwambia aache mambo hayo kwenye ngazi.

Ghorofa ya pili vumbi la turubai likaniingia puani. Nikapiga chafya.

Sikuwahi kujua kwamba watu waliobeba mzigo wanaweza kushuka ngazi kwa kasi ile. Kiti walikiachia hapo hapo kwenye kibaraza cha ngazi, kikatua kwa miguu yote minne, nami nikatua ndani yake. Binti alipandishwa na kelele. Alifungua kamba. Alinitazama kama anavyotazama pindo lililoshonwa na mwanagenzi. Kisha akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikashuka mwenyewe. Wachukuzi wamekataa kurudi. Kiti kimebaki ghorofa ya pili.


Jumatatu, 17 Machi

Habari zimefika kliniki kabla yangu. Mkunga amenipokea kwa kuuliza kama nimekuja kwa miguu au kwa meza. Stesheni Masta hakucheka. Aliuliza tu, kama mtu wa kazi, mzigo huo uliandikishwa kama abiria au kama shehena. Hilo limeniuma zaidi.

Na huko nyumbani watu wanakalia kiti changu! Kila apandaye ngazi anapumzika hapo. Jana nilisikia kicheko, nikapanda mpaka ghorofa ya pili, nikamkuta mama wa ghorofa ya tatu amejipweteka na kapu lake, anakisifu. Nikasimama mpaka akaondoka. Nikashuka. Nikasikia kiti kikilia tena. Nikapanda. Ni mateso, na kwa mgonjwa!


Ijumaa, 21 Machi

Siku mbaya. Juzi ilikuwa siku ya kutundikiwa dawa, na leo mwili umekuja kudai. Mdomo una ladha ya funguo. Mikono imekufa ganzi, siwezi hata kufunga kifungo, nami ni baba wa mshonaji. Nimelala kutazamana na Mheshimiwa. Nilifikiri, huenda hiki ndicho chumba changu cha mwisho, hiki cha majora, na vilima sitaviona tena kwa miwani wala bila miwani. Niandike ukweli: nililia kidogo. Mheshimiwa hatasema.

Kamanda alipiga simu. Nilijua ataniburuta. Akasema siku kama hii mazoezi yangu ni kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikae kitini nione watu wapitao, kisha nirudi. Nikishindwa, niache, kesho ipo. Nikaenda mlangoni ili kumthibitishia kuwa haniwezi.

Mlangoni nikamkuta Stesheni Masta, amekuja kabla ya saa ingawa hakuna aliyempa saa. Amesema kundi limetembea leo bila kitabu na limeboreka. Akachukua juzuu ya kwanza, akanisomea. Lahaula! Anasoma kama anayetangaza treni. Kila sentensi inaondoka jukwaa namba moja. Lakini alisoma ile mvua yote niliyoiruka, hata punda, bila kunung'unika. Nikamuuliza kwa nini mgonjwa kama yeye anataka kupanda ghorofa nne. Alisema anakaa kwa mwanawe, watu wazuri, ila dirisha lake linatazama ukuta. Akaendelea na punda.

Nilipoanza kusinzia nilimsikia dukani akinong'ona na binti yangu, muda mrefu. Anashonesha suruali, bila shaka. Kiuno chake kina siri gani?


Jumatano, 26 Machi

Nguvu zimerudi, na akili pia. Tumemaliza juzuu ya kwanza. Binti wa mfua kufuli yuko ndani ya handaki, mshumaa umezimika, ameshika komeo, na upande wa pili wa mlango kuna mtu anapumua. Mwisho.

Ghasia iliyofuata siwezi kuielezea. Mkunga alidai nimwambie hapo hapo nani anapumua. Wote wakanizingira. Ndipo nikaweka turufu yangu mezani: juzuu ya pili iko chumbani kwangu, ghorofa ya nne, na haitatoka humo mpaka mtu fulani mwenye filimbi aondoe jina lake kwa mwenye nyumba.

Wote wakamgeukia. Nilihisi ushindi mpaka vidoleni.

Stesheni Masta akatabasamu. Akasema bahati nzuri, Jumamosi asubuhi amepewa ufunguo na mwenye nyumba akakitazame tena chumba. Akiwa humo atachukua juzuu ya pili mwenyewe. Na kwa kuwa hana subira, atafungua ukurasa wa mwisho kwanza, kisha atautangaza ngazini kwa sauti.

Ukurasa wa mwisho kwanza! Mtu mzima! Sijasikia unyama kama huo tangu nitoke kwetu.


Jumamosi, 29 Machi

Siku yenyewe. Binti aliichagua hii kwa masharti yake ya ngazi.

Mpango wangu ulikuwa huu: niumwe ghafla, siku isogezwe mbele. Nilikuwa nimeshajilaza, uso nimeukunja vizuri, mbele ya binti, Kamanda na Mkunga, waliokuja kushuhudia. Mara filimbi ikalia. Stesheni Masta alikuwa mguuni pa ngazi, ufunguo mkononi. Akatangaza kwamba safari ya kuelekea ukurasa wa mwisho inaondoka sasa. Akapanda.

Sikumbuki kuinuka. Binti anasema nilimsukuma Mheshimiwa akaanguka.

Nilimfuata nikimsomesha. Nilimwambia kwamba kitabu si treni, huwezi kudandia behewa la nyuma! Ghorofa ya kwanza nikamweleza maana ya sura. Kibaraza cha ghorofa ya pili palikuwa na kiti changu, kitupu, kitambaa kipya kinang'aa, kimenyoosha mikono. Nikakipita, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye wajibu wa msomaji kwa mwandishi na hapo huwa sikatizwi. Ghorofa ya tatu nilimwita mhuni wa maandishi. Mama wa kapu alifungua mlango, akasikiliza, akaufunga. Miguu ilikuwa inaungua. Pumzi zilikuwa chache lakini zilitosha kumtukana, nikapunguza mwendo kidogo ili zisiishe, nikaendelea. Yeye naye alikuwa akihema juu yangu, akijibu kwa filimbi.

Nikafika. Mlango ulikuwa wazi. Stesheni Masta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, jasho linamtoka, mikono mitupu. Juzuu ya pili ilikuwa rafuni pale pale nilipoiacha. Hakuigusa! Aliishiwa nguvu, maskini, sekunde ya mwisho.

Nyuma yangu wakaingia wengine. Binti hakuwa na pini mdomoni. Alinikumbatia, akaniachia, akafungua dirisha akiwa ametugeuzia mgongo. Kamanda akasema hajawahi kuona kanuni yake ikifuatwa hivyo: mtu kuongea ghorofa zote nne! Mkunga akataka nijaribu na kuimba. Nikaimba, kwa kumkomoa. Sauti ilitoka mbovu, lakini ilitoka, na wote wakaidaka, hata nyoka.

Kisha nikaenda dirishani. Nikavua miwani. Vilikuwapo.

Stesheni Masta akasimama kando yangu, akanionesha treni ya mizigo, behewa kwa behewa. Nimekaa na dirisha hili miaka yote, sikuwahi kujua hapo chini kuna treni. Baadaye akasema hakihitaji tena chumba, kwani kina ngazi nyingi mno. Akaweka ufunguo mezani.

Nikauchunguza. Una uzi mwekundu! Mwenye nyumba huyu hana haya. Sasa anaiga hata namna binti yangu anavyofunga funguo zake.


Jumatatu, 31 Machi

Nimeamka nyumbani. Vilima ni vya buluu. Mheshimiwa amebaki chini, nafikiri ananikumbuka.

Nimetafakari mambo ya mwezi huu kwa utulivu, na hesabu ni rahisi. Sikufika hapa kwa kamba za mpira. Nimefika kwa hasira, elimu na mbinu. Ni wazi kwamba mazoezi hayana faida yoyote kwa mtu mwenye akili, na tangu leo nimeyaacha rasmi. Nitamwambia Kamanda ana kwa ana, tena leo hii, kwa sababu lazima niende kliniki kwa vyovyote: Mkunga ametishia kunipandia huku juu asipojua anayepumua mlangoni, na juzuu ya pili ni nene kuliko ya kwanza. Nitawasomea tu. Tukizunguka.

Isitoshe, sina nafasi. Kila asubuhi Stesheni Masta anakuja kutazama treni yake, na siwezi kumwachia apande peke yake, kwenye rafu zangu zote hizi. Namfuata chini, nampandisha. Akiondoka namshusha, nione kama kweli ameondoka. Halafu kuna kiti. Wachukuzi wamegoma, kwa hiyo bado kiko ghorofa ya pili, na mtu akikikalia nasikia mpaka huku. Leo nimeshashuka kumfukuza mama wa kapu, nikapanda. Nikashuka kumfukuza mwenye nyumba, nikapanda.

Huyo tena, anakohoa kwa raha kabisa. Nashuka.

Na waniulize kama nafanya mazoezi! Muda niutoe wapi?